Usihukumu Shamba Ukiwa Barabarani

 

Kwa kawaida katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mbegu, mbolea na mifugo. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya malezi ya watoto. Labda utauliza, "Bwana shamba ana nini na malezi?" Jibu ni rahisi. Kazi yangu hunipeleka kila mahali penye watu. Nafika gulioni, kisimani, mashineni na kwenye mikutano ya kijiji. Huko kote nasikia maneno ya namna moja. Watu wanamtazama mzazi aliye na mtoto, halafu wanamhukumu mbele ya wote.

Mtoto akilia gulioni kwa kutaka andazi, na mama asimnunulie, watu husema, "Mama gani huyu, hana huruma!" Akimnunulia, wengine husema, "Anamdekeza. Mtoto huyu ataharibika." Akimchapa, husemwa. Asipomchapa, husemwa pia. Baba akimbeba mtoto kumpeleka kliniki, vijana humcheka. Wanasema ametawaliwa na mke wake.

Maneno haya yanaonekana madogo, lakini yana madhara. Baba aliyechekwa leo, mwezi ujao hatakwenda kliniki. Mama aliyeaibishwa mbele ya wenzake hubaki nyumbani na mtoto wake. Na pengine mtoto huyo ndiye hasa aliyehitaji kupimwa.

KIDUHA HAKIONEKANI TOKA BARABARANI

Nianze na jambo ninalolijua vizuri. Unapita barabarani. Unaona shamba la mahindi limedumaa, na majani yake ni ya njano. Utasema nini? Wengi husema, "Mwenye shamba hili ni mvivu. Hapalilii."

Sasa ingia shambani. Tazama vizuri. Huenda maji yametuama kwenye mizizi. Huenda udongo umechoka, na mahindi yamekosa chakula kiitwacho naitrojeni. Dalili yake ni kwamba majani ya chini huanza kuwa ya njano toka nchani, kufuata katikati ya jani. Au huenda shamba lina kiduha.

Kiduha ni gugu baya. Hujishika kwenye mizizi ya mahindi, mtama au uwele, na kufyonza chakula cha mmea. Huanza kazi hiyo chini ya ardhi, kabla hakijatokeza juu. Kwa hiyo mkulima anaweza kupalilia kwa bidii, na bado mahindi yake yakadumaa. Mtu wa barabarani haoni mizizi. Anaona majani tu, halafu anatoa hukumu.

Mimi nikifika kwa mkulima huyo na kumwambia, "Wewe ni mvivu," sitakuwa nimemsaidia kitu. Tena siku nyingine akiniona nakuja, atajificha. Inanipasa niulize. Ulipanda lini? Mwaka jana ulipanda nini hapa? Mvua ikinyesha, maji hukaa siku ngapi? Tukishajua sababu, ndipo tunaweza kutafuta dawa pamoja.

Mtoto si shamba. Lakini njia ya kumsaidia mzazi ni hiyo hiyo.

JICHO SI MIZANI

Watu wakiona mtoto mwenye mashavu makubwa, humsifu mama yake. Wakiona mtoto mwembamba, humlaumu mama yake. Mara nyingi wanakosea kwa yote mawili.

Kuna aina ya utapiamlo iitwayo kwashakoo. Mtoto mwenye ugonjwa huu huvimba miguu. Uso wake pia huweza kuvimba. Nywele zake huweza kubadilika rangi na kunyofoka upesi. Mtu asiyejua atasema, "Mtoto huyu amenenepa vizuri." Kumbe ni maji yaliyojaa mwilini, na mtoto yuko hatarini. Mhudumu wa afya humbonyeza miguu yote miwili kwa dole gumba, kwa muda wa sekunde 3. Akiondoa vidole na vishimo vikabaki, mtoto huyo lazima apelekwe kutibiwa mara moja.

Sasa tazama upande wa pili. Mtoto ni mwembamba, mifupa inaonekana. Pengine mwezi uliopita aliugua surua au kuhara, na sasa anapona. Ukitazama kadi yake ya kliniki, utaona mstari wa uzito unapanda. Mama yake anafanya kazi nzuri sana. Anastahili sifa, lakini watu wanamsema.

Ndiyo maana mtoto mdogo hupelekwa kupimwa kila mwezi, na uzito wake huandikwa kwenye kadi. Uzito wa siku moja hausemi habari yote. Mstari ukipanda, mtoto anakua. Mstari ukilala au ukishuka, kuna jambo. Mpita njia anamwona mtoto kwa dakika 5 tu. Tena hana kadi mkononi.

SI KILA AMBEBAYE MTOTO NI MAMA YAKE

Niliona jambo hili kwenye gulio moja. Mwanamke wa makamo alikaa kivulini na mtoto mchanga. Alikuwa akimnywesha maziwa kwa chupa. Wanawake wawili waliokuwa wakiuza nyanya walianza kusema kwa sauti. "Siku hizi hata watu wazima wanaona aibu kunyonyesha!" Yule mwanamke alisikia. Aliinamisha kichwa, akaendelea kumnywesha mtoto.

Mama mmoja aliyekuwa akipita alisogea, akachuchumaa karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mtoto hajambo?"

"Hajambo kidogo. Ni mjukuu wangu. Mama yake alifariki alipomzaa. Nimebaki naye mimi."

Wale wauza nyanya walinyamaza kimya. Lakini yule mama hakuishia kusema pole. Alimweleza kuwa nesi wa zahanati hufundisha jinsi ya kumlisha mtoto asiye na mama. Nesi ataeleza ni maziwa gani yanafaa, na kiasi gani kwa umri wa mtoto. Tena alimwambia kuwa kikombe kidogo chenye mdomo mpana ni bora kuliko chupa. Kikombe huoshwa kwa urahisi. Uchafu hujificha ndani ya chupa na chuchu yake, na uchafu huo huleta kuhara. Kisha wakapanga siku ya kwenda zahanati pamoja.

Ndugu msomaji, maziwa ya mama ni bora kuliko yote. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza. Baadaye apewe vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya mpaka afikie miaka 2 au zaidi. Wale wauza nyanya walilijua fundisho hilo, na fundisho ni la kweli. Lakini hawakujua habari za mtoto yule. Walimuumiza mtu ambaye tayari alikuwa na msiba.

Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

WALIVYOFANYA WATU WA IRINGA

Hapa nchini tunao mfano mzuri wa kufuata. Mwaka 1983 ulianzishwa mpango wa lishe katika Mkoa wa Iringa. Wakati huo Njombe ilikuwa bado sehemu ya mkoa huo. UNICEF na Shirika la Afya Duniani walisaidia. Mpango ulianza katika vijiji 168. Watoto walipimwa hapo hapo kijijini, na matokeo yalizungumzwa na wanakijiji wenyewe.

Mpango ule ulikuwa na hatua tatu. Hatua ya kwanza ni kupima. Hatua ya pili ni kutafuta sababu. Hatua ya tatu ni kutenda, kwa kadiri ya uwezo uliopo. Kisha watu hupima tena, waone kama mambo yamekuwa mazuri. Tazama hatua hizo vizuri. Hakuna hatua ya kulaumu.

Watu walipotafuta sababu, waliona mambo haya. Wakati wa kilimo mama yuko shambani toka asubuhi. Mtoto anabaki na dada yake, ambaye naye bado ni mtoto. Kwa hiyo mtoto anakula mara chache kwa siku. Tena uji wake ni mwepesi, maji ni mengi na unga ni kidogo. Tumbo la mtoto ni dogo. Linajaa maji kabla mwili haujapata nguvu ya kutosha.

Mtu wa barabarani angesema, "Mama huyu hamlishi mtoto wake." Lakini mama anamlisha. Shida ni kazi nyingi na uji mwepesi. Kwa hiyo vijiji viliweka mahali pa kulelea watoto wakati wazazi wako kazini. Wazazi walihimizwa kuwalisha watoto mara nyingi zaidi. Tena walifundishwa kutumia kimea. Utapiamlo mkali ulipungua sana katika vijiji hivyo.

Kimea ni unga wa nafaka iliyoota. Tengeneza hivi. Osha ulezi, uloweke kwa usiku mmoja. Mwaga maji, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevu. Baada ya siku 2 au 3 utaona umeota. Uanike juani mpaka ukauke kabisa, halafu usage. Ukiona ukungu, utupe wote.

Sasa pika uji mzito wa mtoto. Uepue, uache upoe kidogo mpaka uwe vuguvugu. Tia kijiko kidogo kimoja cha kimea kwa kila kikombe cha uji, ukoroge. Uji utalainika na kuwa mwepesi, ingawa hujaongeza maji. Urudishe jikoni uchemke tena kidogo. Mtoto atameza kwa urahisi, na unga ni ule ule mwingi. Mtoto wa miezi 9 mpaka miaka 2 ale mara 3 au 4 kwa siku, pamoja na kunyonya. Uji peke yake hautoshi. Apate pia maharage, mboga za majani, matunda, mayai, dagaa au maziwa.

Mama aliyeambiwa gulioni, "Mtoto wako amekonda," amerudi nyumbani na aibu. Mama aliyefundishwa kimea amerudi nyumbani na chakula cha mtoto.

MTOTO AKIWA HATARINI TUSINYAMAZE

Sisemi kwamba kila mtu afunge mdomo wake. Mkono mmoja haulei mwana. Kuna mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyapita hivi hivi.

Ukiona mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, au anatapika kila kitu, au ana degedege, au amelegea hajitambui, usianze kuuliza nani amekosa. Msaidie mzazi kumfikisha zahanati upesi. Mshike mzigo wake. Mtafutie usafiri.

Ukijua kwamba mtoto anapigwa vibaya, anaozwa, ananyimwa chakula kwa makusudi, au anafanyiwa ukatili, toa taarifa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu huo. Mwone mwenyekiti wa kitongoji au ofisa mtendaji wa kijiji. Ukiwa na simu, piga namba 116. Ni namba ya kusaidia watoto, na hailipiwi.

Kuhukumu na kulinda si kitu kimoja. Anayehukumu huzungumza na watu wengine juu ya mzazi. Anayelinda huzungumza na mzazi mwenyewe, au na mtu anayeweza kumsaidia mtoto.

TUFANYE HIVI

Siku nyingine ukimwona mzazi na mtoto, na moyo wako unataka kusema, fuata mambo haya manne.

1. Salimu kwanza. Mtu aliyesalimiwa kwa heshima husikia.

2. Uliza kabla ya kufundisha. Mtoto ana umri gani? Anaendeleaje? Jibu moja linaweza kubadili mawazo yako yote.

3. Saidia kwa mikono. Mama mwenye mzigo kichwani, mtoto mgongoni na mwingine analia chini, hahitaji mafundisho. Mtulize yule anayelia. Mpishe kwenye foleni ya kisima.

4. Ukiwa na neno la kweli, liseme pembeni. Usiliseme mbele ya watu. Usiliseme mbele ya mtoto.

Nanyi akina baba wenzangu, nina neno moja. Wanaosemwa mara nyingi gulioni na kisimani ni akina mama, kwa sababu wao ndio wanaoonekana na watoto. Sisi hatusemwi kwa sababu hatuonekani nao. Mbebe mtoto wako, mpeleke kupimwa. Wakikucheka, waonyeshe kadi yenye mstari unaopanda.

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kukausha mahindi kabla ya kuyaweka ghalani. Kwa herini.

Wenu,
Bwana Shamba

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini mtu wa barabarani hawezi kujua sababu ya mahindi kudumaa?

2. Katika kijiji chenu, akina mama husemwa kwa mambo gani wakiwa na watoto? Je, akina baba nao husemwa?

3. Wakati wa palizi, watoto wadogo wa kijiji chenu hubaki na nani? Hula mara ngapi kwa siku? Mnaweza kufanya nini pamoja?