Bei ya Skuta ya Umeme Hupangwa Kiwandani

Yapo maneno yanayosikika mara kwa mara katika ofisi zetu na katika vyumba vya walimu, kwamba skuta ya umeme ni ghali kwa sababu mfanyabiashara ni mlafi, au kwa sababu ushuru haujapunguzwa vya kutosha. Maneno hayo si uwongo mtupu. Mlanguzi bado yu hai, na ushuru nao ni mzigo. Lakini mtu anayeishia hapo huitazama bei ikiwa imekwisha kufika dukani. Sehemu yake kubwa ilipangwa mapema zaidi, siku mwenye kiwanda alipoulizwa swali moja: utatengeneza ngapi?

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu iwe nyepesi. Kiwanda hakiwezi kuunda hata skuta moja kabla ya kununua mashine, kuchonga kalibu za bati na plastiki, na kuwalipa wahandisi wa kuichora na kuijaribu barabarani. Tuseme yote hayo yanagharimu shilingi bilioni 10. Kiwanda kikiunda skuta 1,000, kila moja itabeba shilingi milioni 10 kabla haijatiwa tairi wala taa. Kikiunda 100,000, mzigo huo utashuka hadi shilingi 100,000. Kalibu ni zile zile na wahandisi ni wale wale. Kilichobadilika ni idadi tu. Mwalimu wa hesabu anaweza kulieleza jambo hili ubaoni kwa dakika tano, na ingefaa alieleze, maana wapo watu wazima wenye shahada wanaopanga viwanda bila kulikumbuka.

Zaidi ya hayo, mikono hujifunza kwa kurudia kazi. Mwaka 1936 mhandisi wa Kimarekani, T. P. Wright, alionyesha kwamba kila jumla ya ndege zilizoundwa kiwandani ilipoongezeka maradufu, kazi iliyohitajika kwa ndege moja ilipungua kwa kiasi cha asilimia 20. Mwendo wa namna hiyo umeonekana katika betri, ambayo ndiyo kiungo ghali kuliko vyote katika skuta ya umeme. Mwaka 2010 betri ya lithiamu ya kuhifadhi uniti moja ya umeme, uniti kama zile tunazonunua kwa LUKU, iligharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Mwaka 2024 wastani wa bei duniani ulikuwa karibu dola 115. Yafaa ieleweke, hata hivyo, kwamba wastani huo umejengwa na wanunuzi wakubwa. Anayeagiza betri elfu moja hauziwi kwa bei ya anayeagiza milioni. Wala wingi haufuti bei ya madini: mwaka 2022 lithiamu ilipopanda, betri nazo zilipanda pamoja na wingi wake wote.

Nchini China, ambako miji mingi ilizipiga marufuku pikipiki za petroli, baiskeli na skuta za umeme zilianza kwa betri za risasi, vyombo vizito na hafifu ambavyo wengi wetu tungevicheka. Wachina waliviunda kwa wingi usio na mfano. Kampuni moja tu, Yadea, iliuza zaidi ya milioni 16 mwaka 2023. Pale penye soko la namna hiyo, hata mtu anayetengeneza breki tupu au nyaya tupu hupata kiwanda kizima cha kumlisha, naye huweza kuuza bidhaa yake kwa faida ndogo sana akabaki salama.

India ni funzo la karibu zaidi nasi, kwa kuwa barabara zetu zimejaa kazi ya mikono yao. Kampuni ya Bajaj ndiyo iliyotupa hata neno bajaji. Mwezi Januari 2020 kampuni hiyo ilitoa skuta ya umeme iitwayo Chetak kwa bei ya kuanzia rupia 100,000. Serikali ya India ilikuwa ikitoa ruzuku, ambayo tangu mwaka 2021 kikomo chake kilikuwa asilimia 40 ya bei ya kiwandani. Juni 2023 kikomo hicho kikashushwa hadi asilimia 15, na mauzo ya skuta za umeme yakaanguka mwezi ule ule. Lakini Juni 2024, ruzuku ikiwa imepungua sana, Bajaj ilileta Chetak ya rupia 95,998. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2025, vyombo vya umeme vya magurudumu mawili vilivyouzwa India vilizidi milioni moja. Kwa maoni yangu, ruzuku ile ilinunua wingi, na ilipopunguzwa, wingi ulibaki ukifanya kazi yake.

Sasa tutazame Afrika Mashariki. Kigali ilianza kuona pikipiki za umeme za kubadilisha betri mwaka 2019. Nairobi, mwaka 2023, kilifunguliwa kiwanda chenye uwezo wa kuunda pikipiki 50,000 kwa mwaka. Hizo ni juhudi za kupongezwa. Lakini kwa kawaida betri ya kampuni moja haiingii katika pikipiki ya kampuni nyingine, na kila mji unaota ndoto ya kuwa na karakana yake. Tukiendelea hivyo tutakuwa na viwanda vingi vidogo, kila kimoja kikibeba kalibu zake, na kila kimoja kikidai msamaha wa ushuru ili kiishi. Msamaha utolewao kwa skuta elfu chache hauzai wingi. Huwa ni zawadi kwa wanunuzi wachache, nao mara nyingi ni wale wenye nafuu tayari.

Kosa hili tulikwisha kulifanya. Mwaka 1964, kwa Mapatano ya Kampala, Kenya, Uganda na Tanganyika zilikubaliana kugawana viwanda: sisi tuunde matairi, Uganda baiskeli, Kenya balbu za umeme. Mapatano hayo hayakutekelezwa kikamilifu. Kiwanda cha matairi kikajengwa Nairobi mwaka 1969, na chetu cha Arusha kikaanza kazi mwaka 1971. Soko ambalo lingelisha kiwanda kimoja kikubwa likagawanywa mara mbili. Leo vyote viwili havifanyi kazi. Kile cha Nairobi kilifungwa mwaka 2016. Sababu zilikuwa nyingi, lakini hapana shaka kwamba udogo wa soko la kila kimoja ulivipunguzia nguvu za kushindana na matairi ya kigeni.

Najua pingamizi. Kila nchi inataka ajira zake, na si rahisi kumwambia kijana wa Arusha kwamba kwao kutaundwa fremu tu, na mota zitatoka Kampala. Nami sidai kwamba uchungu huo ni mdogo. Lakini upo uchungu wa pili usiosemwa katika mikutano: wa kijana wa bodaboda anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, ambaye skuta ya bei nafuu ingemwezesha kumiliki chombo chake mwenyewe. Maadamu bei iko juu, mwenye fedha atanunua kumi na kuwakodisha kumi kama yeye.

Hatua ya kwanza haihitaji hata kiwanda. Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikubaliane juu ya kipimo kimoja cha betri na cha tundu lake, kisha zinunue kwa pamoja. Serikali zetu ni wanunuzi wakubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 2022 peke yake maafisa ugani wetu waligawiwa pikipiki kwa maelfu. Agizo la namna hiyo, likiunganishwa na la jirani na likapelekwa katika kiwanda kimoja, linaweza kubadili bei kabla skuta haijafika bandarini. Basi ndugu mtumishi, karatasi ya zabuni ya vyombo vya umeme itakapopita mezani kwako, usome kwanza mstari unaoeleza betri. Ukiona unataja aina ya kampuni moja tu, irudishe na uulize kwa nini.