Nani Apime Unyanyasaji Kazini?



Wapo wanaotuambia kwamba unyanyasaji kazini haupimiki, eti kila watu wana desturi zao, na kinachoitwa tusi hapa ni mzaha kule. Wapo pia wanaodhani kwamba karatasi ya maswali iliyotungwa Ulaya, ikishatafsiriwa tu, yatosha kumpima mfanyakazi wa nchi yoyote. Sisi tunasema kwamba pande zote mbili zinakosea, na anayeumia kwa makosa yao ni yule yule mnyonge.

Tuanze na karatasi. Mwaka 1990, huko Sweden, mwanasaikolojia Heinz Leymann alitoa orodha ya vitendo 45 vya uonevu kazini. Baadaye wataalamu wa Bergen, nchini Norway, walitunga orodha yao. Ile iliyosahihishwa na kutolewa mwaka 2009 ina maswali 22. Mfanyakazi huulizwa ni mara ngapi kila tendo limempata katika miezi sita iliyopita: kamwe, mara chache, kila mwezi, kila wiki au kila siku. Kazi hiyo hatuidharau, kwa maana imeyapa jina mateso mengi yaliyokuwa yakifichwa.

Lakini swali mojawapo lauliza kama mtu ameshinikizwa asidai haki yake, kama vile likizo au ruhusa ya ugonjwa. Tumwulize hivyo mtumishi wa nyumbani alalaye jikoni, asiye na mkataba wala siku ya kupumzika. Atajibu: kamwe. Nani amkataze kudai haki ambayo hajapata kuambiwa kwamba anayo? Basi aliyedhulumiwa kuliko wote ataandikwa kuwa yu salama. Wala hapana swali kuhusu mshahara ambao mwajiri anasema "anamtunzia", wala kuhusu mzee mwenye wajukuu anayeitwa "boi". Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Je, tuseme basi kwamba kila mahali na mila zake? Hasha! Swali jingine lahusu kutaniwa kupita kiasi. Kwetu utani una wenyewe: mtani humkejeli mtani wake hata msibani, na hakuna anayeona ameonewa, kwa sababu kila mmoja aweza kumrudishia mwenzake. Lakini bosi anayemdhihaki mfagizi mbele ya wageni si mtani wake. Mfagizi akijibu, atafukuzwa. Mila zenyewe, basi, zinamhukumu anayejificha nyuma yake.

Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unatamka kwamba tendo la ukatili au unyanyasaji laweza kuwa kosa hata likitokea mara moja tu. Anayehesabu yale ya kila wiki pekee hataliona. Tena, uchunguzi uliofanywa mwaka 2021 katika nchi 121 ulionyesha kwamba zaidi ya mfanyakazi mmoja kati ya watano amewahi kutendewa ukatili au unyanyasaji kazini, na kwamba karibu nusu ya waliotendewa hawakumwambia mtu yeyote. Tusiuhesabu ukimya huo kuwa ni amani.

Kwa hiyo tunadai kwamba wanaotunga vipimo wakae kwanza na watumishi wa nyumbani, vibarua wa mashambani na walinzi wa usiku, wawasikilize kwa lugha yao, mbali na masikio ya mwajiri, na maswali yatokane na vinywa vyao. Ndipo kipimo cha ugenini kitakaposaidiana na cha kwetu.

Nasi tusinyoshe kidole kwa wengine tu. Wengi wetu tunaosoma kijitabu hiki tu waajiri. Yupo aliyetupikia chai asubuhi ya leo, au aliyetufungulia lango. Kama angeulizwa leo, nasi hatupo, anatendewaje nyumbani mwetu, angejibu nini? Na je, sisi tungethubutu kuyasoma majibu yake?