Bao Letu na Mashine: Nani Ataandika Sheria?

Wazee wetu husema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Leo, msomaji wangu, nauliza: anayecheza kwao kwa sheria zilizoandikwa na mgeni, atatunzwa na nani?

Nimeyawaza haya kwa kutazama mwendo wa michezo ya ubaoni huko ng'ambo. Mwaka 2016 kampuni ya Fantasy Flight Games ya Marekani ilitoa toleo la pili la mchezo uitwao Mansions of Madness. Katika toleo la kwanza, mchezaji mmoja ndiye aliyekuwa msimamizi. Katika la pili kiti chake kimetwaliwa na programu ya simu au kompyuta. Ubao na vinyago viko mezani, lakini siri zote zimo ndani ya programu. Bila ya programu, ubao ni kuni.

Upande wa pili, ufundi wa kutengeneza vitu umeingia majumbani. Mwaka 2005 Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, alianzisha mradi wa RepRap, wa mashine inayoyeyusha plastiki na kuipanga tabaka juu ya tabaka mpaka kitu kikatimia. Michoro yake aliiacha wazi kwa kila mtu. Hataza kubwa ya ufundi huo ilipokwisha mwaka 2009, bei za mashine hizo zikashuka sana.

Unganisha mawili hayo. Kijana wa Mvita anaweza kutoa ubao wa bao wenye mashimo 32, akatia chini ya kila shimo kidude cha kupima uzito, na simu ikajua kete 64 zimekaaje. Mwanafunzi akitakata ilhali ana cha kula, simu ikamwonya.

Hilo silipingi. Aliyechonga bao kwa tezo naye alitumia chombo cha zama zake. Hofu yangu ni hukumu. Bao lina kunamua na lina mtaji. Lina nyumba, ambapo mchezaji aliyekula, kete zake zikiishia hapo, ana hiari alale au aendelee. Asiyeyajua haya ataandika bao jingine, alipachike jina letu, na mtoto ataiamini simu kuliko babu yake. Tena ubao uliofungamana na simu ni rahisi kuutia fedha, na mchezo ukishatiwa fedha ni kamari, nayo ni haramu.

Mholanzi Alex de Voogt alifunga safari hadi Unguja kujifunza kwa mabingwa wa bao, na mwaka 1995 akatoa kitabu juu ya akili zao. Sisi tulio nao barazani twangoja nini? Vijana wajuao mashine na wakae na wazee, sheria ziandikwe kwa Kiswahili, kisha ziachwe wazi kama michoro ya Bowyer. Na adhana ikilia, ubao wa plastiki nao ungoje, kama ulivyongoja wa mti.