Eti Tyson Angemmaliza Ali? Klipu Zinawadanganya

Maskani zote, Ukunda hadi Msambweni, stori ni moja: "Tyson akiwa fomu, Ali hamalizi raundi ya kwanza." Ushahidi wenu? Berbick. Ati alimshinda Ali 1981, Tyson akamlaza 1986. Bana, huyo Ali alikuwa na miaka 39, kachoka!

Haya, leteni hesabu hiyo hiyo hapa Kongo, Kinshasa 1974. Frazier na Norton wote walishamshinda Ali. Foreman aliwamaliza wote wawili raundi ya pili. Ana miaka 25, mapambano 40, hajashindwa hata moja. Ali ana 32, ile miguu ya zamani haipo. Kwa hesabu yenu Ali ni maiti. Ikawaje? Akaegemea kamba, akamwacha jamaa ajichoshe, raundi ya nane Foreman chini.

Na Tyson wenu? Tokyo 1990, miaka 23, hajawahi kushindwa. Buster Douglas alianguka raundi ya nane, akainuka, ya kumi akamlaza.

Wanangu, klipu inaonyesha ngumi ikitua tu. Haionyeshi mtu anayepigwa raundi saba na bado anafikiria. Mimi nasema Ali, raundi ya tisa. Bisha, lakini kwa hoja.