Simu Imefika Mfukoni, Haijafika Ofisini

Taarifa za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zinaonyesha kwamba mwishoni mwa mwaka 2024 laini za simu za mkononi nchini zilikuwa zimepita milioni 80. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120. Mwenye kuzitazama hesabu hizi mbili kwa haraka atadhani kwamba kazi ya mawasiliano imekwisha, kwa kuwa laini zimewapita watu. Lakini laini si mtu. Wako wananchi wengi wenye laini mbili au tatu, kwa sababu mtandao unaoshika nyumbani haushiki shambani. Watumishi wa umma na walimu wa Handeni na Korogwe wanalifahamu jambo hili vizuri.

Inafaa tukumbuke tulikotoka. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma ya simu iliangukia mikononi mwa Shirika la Posta na Simu Tanzania. Katika wilaya kama hizi simu ilikuwa chombo cha ofisi: bomani, posta, kituo cha reli na mashamba ya mkonge. Mwananchi mwenye habari ya msiba alikwenda posta kupeleka telegramu, na kila neno lilikuwa na bei yake.

Shirika hilo liligawanywa mwaka 1994, ikazaliwa Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL), na katika muongo huohuo simu za mkononi zikaanza kazi. Mwaka 2000 nchi nzima ilikuwa na laini za mezani yapata 170,000, nazo bado zilizidi za mkononi. Mwaka uliofuata mizani ikapinduka, wala haikurudi tena. Kufikia mwaka 2020 laini za mezani hazikutimia hata 100,000.

Hapana budi kukiri kwamba mabadiliko hayo yamemnufaisha mwananchi. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza mwaka 2008, mkulima wa mahindi wa Kabuku hupokea malipo yake bila kupanda basi, na mzazi wa Mombo humtumia mwanawe nauli akiwa mbali. Hakuna anayetamani kurudi kwenye foleni ya telegramu.

Lakini simu ya mezani ilipokufa, ofisi nyingi za umma za vijijini zilibaki bila chombo chao wenyewe. Wakati huohuo kazi ya serikali ikahamia mtandaoni. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 mtumishi hupimwa kwa mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya fomu za karatasi za OPRAS. Likizo na uhamisho huombwa kwa mfumo wa ESS. Hesabu za shule na takwimu za wanafunzi nazo hupelekwa kwa njia hiyo. Nia ni njema, kwani jalada la karatasi lilipotea mara nyingi na haki ya mtu ikapotea nalo. Ila mwalimu asiye na kompyuta wala mtandao shuleni hutumia simu yake na kifurushi alichonunua kwa mshahara wake. Gharama ya ofisi imehamia mfukoni mwa mtumishi pasipo mtu kuliamua jambo hilo waziwazi.

Yako maeneo ambayo hata kifurushi hakisaidii. Mawimbi ya simu hayapendi kuzuiwa. Katika Wilaya ya Korogwe milima ya Usambara huyakinga, hata kijiji kilicho karibu na mnara kwa ramani kikawa mbali kwa mawasiliano. Handeni ni pana na vijiji vyake vimetawanyika. Kampuni ya biashara huhesabu wateja kabla ya kusimamisha mnara. Isitoshe, mnara wa zamani unaotosha kwa mazungumzo hautoshi kwa kujaza fomu za mtandaoni.

Serikali haikukaa kimya. Sheria ya mwaka 2006 ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili kutoa ruzuku pale ambapo biashara peke yake haifiki. Mei 2023, mjini Dodoma, zilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 nchini. Aidha, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeunganisha Dar es Salaam na mikoa ya kaskazini. Kazi iliyobaki ni kuutoa mkongo huo makao makuu ya wilaya na kuufikisha kwenye kata, shule, zahanati na mahakama ya mwanzo. Huko ndiko simu ya waya itakakopata uhai mpya, safari hii kwa waya wa kioo badala ya shaba, na nguzo za umeme wa vijijini zinaweza kuubeba.

Kuna atakayesema kwamba mwalimu ana simu yake, basi aitumie. Hoja hiyo haina uzito. Mwalimu ana kalamu yake pia, lakini chaki hununuliwa na shule. Halmashauri za wilaya hazina budi kuweka gharama ya mtandao katika bajeti ya kila kituo cha kazi, kama zinavyoweka shajala. Wanaopanga tarehe za mwisho za mifumo hii nao wamkumbuke mtumishi anayepanda kilima kutafuta mtandao, asije akahesabiwa mvivu kwa kosa la mnara usiokuwapo.

Watumishi nao wana wajibu wao. Wasingoje usiku wa mwisho kujaza taarifa, na viongozi wa kata waorodheshe kwa maandishi vitongoji visivyofikiwa, ili mnara unaofuata ujengwe penye haja.

Kazi ya umma haiwezi kuendeshwa siku zote kwa mfuko wa mtu mmoja. Taifa lililoihamishia ofisi yake mtandaoni lina deni la kuufikisha mtandao huo ofisini.