UDA Haikufa kwa Kuwa Mali ya Umma

Kwa wanachama wote, na kwa makarani wenzetu walio mbali na mji mkubwa.

Yako maneno ambayo yamerudiwa mara nyingi hata watu wameyapokea kama kweli isiyohitaji ushahidi. Husemwa hivi: halmashauri haiwezi kuendesha mabasi; tazameni yaliyoipata UDA. Twayasikia vituoni, twayasikia barazani, na jambo linalotuudhi zaidi, twayasikia yakinenwa na watumishi wa umma wenyewe, watu ambao kazi yao ya kila siku ni kutunza mali isiyo ya mtu mmoja. Sisi twayakataa maneno hayo. Hatuyakatai kwa sababu ya mapenzi, maana wengi miongoni mwetu tulisimama jua kali tukiingojea UDA isiyokuja, tukafika kazini saa mbili na nusu na kuandikwa katika kitabu cha wachelewaji. Twayakataa kwa kuwa hayapatani na mambo yalivyotukia, na mambo hayo yana miaka yake.

Na tuanze mwanzo. Mabasi ya Dar es Salaam hayakuanzishwa na umma. Tangu mwaka 1949 hata mwaka 1970 usafiri wa mji ulikuwa mikononi mwa kampuni ya Waingereza, Dar es Salaam Motor Transport, ambayo watu waliiita DMT. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali iliitwaa kampuni hiyo mwaka 1970, na mwaka 1974 ikaigawa mara mbili: safari za mikoani zikapewa KAMATA, yaani Kampuni ya Mabasi ya Taifa, na safari za mji zikapewa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, ndilo UDA.

Sasa twawaomba wasomaji waiangalie vema hiyo miaka. Mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda duniani kote. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Mwaka 1978 na 1979 nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, na mwaka huohuo wa 1979 mafuta yakapanda tena. Fedha za kigeni zikawa adimu kuliko mvua ya kiangazi. Basi haliendi kwa maazimio. Huenda kwa dizeli, matairi, betri na vipuri, na vyote hivyo vilinunuliwa nje kwa fedha ambazo nchi haikuwa nazo. Katika sensa ya mwaka 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 843,090, na waliendelea kuongezeka. Yale mabasi marefu ya Ikarus kutoka Hungary, yaliyoungwa katikati, ambayo watu waliyaita kumbakumba, yalibeba umati wa kutisha. Lakini yalipoharibika yalihitaji vyombo vya kutoka kwao. Gari likikosa kifaa kimoja lilipelekwa karakana likasubiri, na likiwa linasubiri lilivuliwa vifaa vyake vingine ili gari la jirani lipate kutoka. Hivyo ndivyo karakana inavyogeuka kuwa makaburi. Twauliza: mfanyabiashara gani, hata awe hodari namna gani, angalitengeneza basi bila kifaa kwa kuwa tu mali ni yake mwenyewe?

Tena nauli. Nauli haikupangwa na UDA. Ilipangwa na Serikali, nayo Serikali ilitaka iwe ndogo ili mfanyakazi aweze kuilipa. Nia hiyo ilikuwa njema, nasi tulifaidika nayo, wala hatuoni haya kusema hivyo. Lakini mtu akikuamuru uuze mkate kwa bei isiyorudisha gharama ya unga, yampasa akupe tofauti yake. Asipokupa, asishangae siku ya kuona tanuri limezimika. Kila karani wa mahesabu ajua jambo hili. Kulikuwa na mkono mmoja uliokataza nauli isipande, na mkono mwingine ulioshika fedha za vipuri, na katikati yake meneja aliyelaumiwa kwa yote mawili.

Hata hivyo kosa lililo kubwa kuliko yote halitajwi kabisa, nalo lahusu mwenye mali. Katika daftari la hisa, kabla ya mauzo ya mwaka 2011 ambayo tutayataja, Halmashauri ya Jiji ilikuwa na hisa 51 katika kila 100, na Serikali Kuu ilikuwa na 49. Vema. Je, Halmashauri hiyo ilikuwa wapi? Kwa mpango wa madaraka mikoani wa mwaka 1972, serikali za mitaa zilivunjwa nchini, na miji haikurudishiwa halmashauri zake mpaka mwaka 1978. Basi UDA ilizaliwa katika siku ambazo wenyeji wa mji hawakuwa na diwani wa kumwuliza habari za basi. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na Tume ikawekwa mahali pake mpaka mwaka 2000, zilipoundwa manispaa tatu za Ilala, Kinondoni na Temeke pamoja na Jiji juu yake. Na mwezi wa Februari mwaka 2021 Jiji hilo likavunjwa kwa mara nyingine, Ilala ikapandishwa kuwa jiji. Sisi hatujadili hapa kama kuvunja huko kulikuwa na sababu au hakukuwa nazo. Twasema neno moja tu: mali hii iliandikwa kwa jina la mtu ambaye kila baada ya miaka kadhaa alifukuzwa nyumbani kwake, kisha watu wakastaajabu kwamba shamba halikupaliliwa.

Wale wasemao kwamba mali ya umma haina mwenyewe wangefaa kuutazama mfano huu mara mbili. Mwenyewe alikuwapo. Aliondolewa.

Twaja sasa kwa mwaka 1983, ambao waandishi wengi huuita mwaka wa wokovu. Kabla yake palikuwa na magari ya watu binafsi yaliyobeba abiria kinyume cha sheria, kama vile chai maharage, ambamo watu waliketi wakitazamana kama walio kwenye meza ya mamantilie. Mwaka huo Serikali iliruhusu watu binafsi kubeba abiria mjini, nao walipewa ruhusa kwa kupitia UDA. Nauli yao ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Ndipo lilipotoka jina daladala. Hatukatai kwamba msaada huo ulihitajika. Watu walikuwa wamelundikana vituoni kama magunia ya korosho, na mwenye njaa haulizi mkate umeokwa na nani.

Lakini angalieni namna jambo lilivyopangwa. Shirika lililokuwa limekosa magari ndilo lililotiwa katika kazi ya kuwaruhusu wale walioshindana nalo, na washindani hao walichagua. Daladala huondoka likijaa. Huenda kwenye barabara yenye watu wengi, katika saa zenye watu wengi. Mchana abiria wakipungua, hupumzika, na njia ikiharibika kwa mvua hukatiza safari, abiria wakashushwa matopeni. Chombo cha umma hakiwezi kufanya hivyo. Yakipasa kwenda kwa ratiba hata kama abiria ni watano, yakipasa kumpokea mwanafunzi kwa nauli yake ndogo. Mmoja amepewa nyama, mwingine amepewa mifupa, kisha wapimwa kwenye mizani mmoja na kuambiwa: tazameni nani amenenepa!

Na huyo mwanafunzi hatuwezi kumpita bila neno. Kila aliyekaa Dar es Salaam amewaona watoto wenye sare wakisukumwa na kondakta mlangoni, kwa sababu nauli ya mtoto ni ndogo na nafasi yake yaweza kukaliwa na mtu mzima. Hatumchukii kondakta. Yeye na dereva wake wengi wao hawana barua ya kazi. Wamekabidhiwa gari asubuhi kwa masharti ya kumpelekea mwenye gari hesabu yake jioni, na kile kinachobaki baada ya mafuta ndicho mshahara wao. Siku mbaya hawabakiwi na kitu. Mtu wa namna hiyo hukimbiza gari, hugombea abiria, humwacha mtoto barabarani, naye ana watoto nyumbani. Wale wausifuo mpango huu kuwa ni ufanisi hatujawasikia wakiomba ajira ya namna hiyo kwa wana wao.

Twajua mtatuambia juu ya wizi. Ndiyo, ulikuwako. Palikuwa na makondakta waliopokea fedha wasitoe tikiti, na palikuwa na watu wa karakana waliouza mafuta. Hatutawatetea, maana waliwaibia maskini wenzao. Illa twasema kwamba wizi wa tikiti hukomeshwa kwa ukaguzi, na ukaguzi ni kazi ya mwenye mali. Tumekwisha kueleza habari za mwenye mali.

Tena ipo sehemu yetu sisi, na wanachama watuwie radhi tukiitaja. Hali ya UDA ilipozidi kuwa mbaya, ofisi na mashirika mengi yalinunua mabasi yao ya kuwachukua watumishi. Karani akapanda basi la ofisi lililoandikwa jina ubavuni, akapita kituo kilichojaa watu, akageuza uso. Tangu siku hiyo wale waliokuwa wanajua kuandika barua kwa wakubwa hawakuandika tena barua juu ya mabasi ya mji. Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika mjini Tanga mwaka 1922, walifanya hivyo kwa sababu waliona kwamba mwenye kalamu ana deni. Katika habari za basi, deni hilo hatukulilipa.

Mwaka 2011 bodi ya UDA iliuza kwa kampuni ya Simon Group hisa ambazo hazikuwa zimegawiwa, na kwa miaka mingi baadaye mauzo hayo yalihojiwa na Bunge na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hatutarudia hapa kila lililosemwa. Linalotosha ni hili: mali ya mji iliwezekana kubadilisha mikono, na wenyeji wa mji wakapata habari zake katika magazeti. Na mwezi wa Mei mwaka 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kupita katika barabara ya Morogoro kutoka Kimara, katika njia ya kilometa 20.9 iliyojengwa kwa mkopo wa umma, aliyepewa kuyaendesha alikuwa UDA-RT, mtoto wa kampuni ambayo bado watu walikuwa wakibishania mwenye nayo. Njia ikajengwa kwa deni ambalo mjukuu wa kila mmoja wetu atalilipa. Basi lililopita juu yake halikujulikana vema ni la nani.

Atakayesema kwamba ndivyo ilivyo desturi ya mali ya halmashauri, tumpeleke Uskoti. Mji wa Edinburgh ulizitwaa gari za tramu mwaka 1919, na ulipoziondoa mwaka 1956 mabasi yake yakashika kazi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1985 iliwalazimisha wenye mabasi ya miji kuyafanya kampuni zenye hesabu zake mbali, na mwaka uliofuata njia zikafunguliwa kwa kila mshindani. Miji mingi iliuza. Edinburgh haikuuza. Kampuni yake, iitwayo Lothian Buses, imebaki mali ya halmashauri nne, Edinburgh yenyewe ikiwa na hisa kama 91 katika 100, nayo kwa miaka kadhaa imewapa wenye hisa faida ya fedha taslimu. Hatusemi kwamba Dar es Salaam ni Edinburgh. Edinburgh haikupata kuomba fedha za kigeni ili inunue tairi. Lakini huko mwenye mali ajulikana kwa jina, hesabu hutolewa kila mwaka, na mkaaji wa mji akiudhika ajua amwandikie nani. Mambo hayo matatu hayahitaji fedha za kigeni hata senti moja.

Kwa hiyo twaomba, na tutaomba tena. Daftari la hisa za kampuni yoyote iendeshayo mabasi kwa jina la mji liwekwe mahali ambapo mkaaji aweza kulisoma, pamoja na hesabu zake zilizokaguliwa. Ikiwa nauli ya mfanyakazi na ya mwanafunzi itapangwa kuwa chini ya gharama, tofauti yake iandikwe katika makadirio ya mwaka kwa tarakimu, isifichwe katika hasara ya meneja. Madereva na makondakta wa magari yote, ya umma na ya watu binafsi, wapewe barua za kazi. Na hisa za mji zisiuzwe bila madiwani kuliamua jambo hilo katika mkutano wa wazi.

Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022. Matawi yote ya chama yaombwa kuzungumza juu ya maombi haya katika mkutano wao ujao, na kumpelekea Katibu maneno yao kwa maandishi. Barua kwa wahusika itatoka hapa ikiwa na sahihi za matawi, na jawabu likija tutalichapa katika ukurasa huu. Lisipokuja, tutachapa tarehe ya barua yetu kila toleo.