“Si Mna Simu?”

Wadau wangu, mnisamehe kwa ukimya wa wiki nzima. Sikuumwa wala sikusafiri. Bando lilikata! Na jinsi lilivyokata ndiyo habari yenyewe ya leo, maana imenikaa kooni na nisipoitema sitalala.

Ilikuwa Jumatano usiku, saa nne na nusu hivi. Chumbani kwetu tuko sita, vitanda vitatu vya ghorofa, na soketi inayofanya kazi ni moja. Asaimenti ya saikolojia ya elimu ilikuwa inafungwa kwenye mfumo saa 5:59 usiku. Si saa sita, 5:59! Waifai ya chuo huwa inashika pale nje ya maktaba, na maktaba ilishafungwa. Huku hosteli unaona jina lake tu kwenye simu, ukiligusa linazunguka... linazunguka... basi.

Nikafanya kile ambacho sote tunafanya. Nikajiunga bando la buku mbili, nikawasha hotspoti, nikaunganisha laptopu yangu. Mwenzangu wa kitanda cha juu akaniambia, “Shoga angu, nipe na mimi paswedi, nipakie tu kazi yangu.” Nikampa. Unamnyimaje mtu unayekula naye sahani moja?

Mimi nikapakia yangu saa tano na dakika ishirini, nikashukuru Mungu. Yeye alikuwa bado anarekebisha ukurasa wa mwisho. Kumbe laptopu yake, ambayo kaazima kwa kaka yake, ilikuwa haijaonja intaneti tangu chuo kifunguliwe. Ilivyoona waifai ikadhani imefika nyumbani kwa tajiri. Ikaanza kujisasisha yenyewe kimyakimya, sisi hatuna habari! Mara ujumbe: umetumia asilimia 75 ya kifurushi chako. Kabla hatujakaa sawa ukaja wa pili: kifurushi chako kimekwisha.

Salio langu shilingi 140. La kukopa nilishakopa, nadaiwa. Vibanda vya vocha vimefungwa. Tukagonga chumba cha jirani, mwenye bando kalala, na hadi anaamka na kutafuta simu yake chini ya mto, saa sita imepita na mfumo umefunga. Kurasa kumi na mbili alizoandika kwa siku nne zikabaki kwenye laptopu. Alama kumi na tano zimekwenda na maji.

Ijumaa akaenda kumwona mwalimu wa somo kwa heshima zote. Alijieleza. Jibu alilopewa mbele ya darasa ni maneno matatu tu: “Si mna simu?” Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Na mimi, nikiwa ndiye mwenye ile hotspoti, nilijisikia kama nimemwibia.

Sasa wadau, leo nataka niyajibu hayo maneno matatu, maana siyo ya mwalimu mmoja. Yamekuwa sera isiyoandikwa.

Ndiyo, tuna simu. Na simu hizi ni za ajabu kweli, sibishi. Kaka zetu waliosoma miaka ya mwanzo ya 2000 walikuwa wanahangaika na waya na programu za kompyuta ili simu itoe intaneti ya kukokota. Tangu mwaka 2010, Android 2.2 ilipotoka, hotspoti imekuja ndani ya simu yenyewe, unagusa mara mbili imekwisha. Ni msaada mkubwa, bila hiyo mimi nisingefika mwaka wa pili. Lakini msaada wa dharura ni kama ndoo bomba la maji likikatika. Ukiona nyumba imejengwa bila bomba, na mwenye nyumba anakuambia “si una ndoo?”, huyo hakusaidii, huyo kakutupia kazi yake.

Tuangalie mkopo wetu. Kwenye mchanganuo kuna ada, kuna chakula na malazi, kuna vitabu na viandikwa, kuna mahitaji maalumu ya kitivo, kuna mafunzo kwa vitendo. Bando halimo. Chakula na malazi vilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Kwa hiyo buku mbili ya hotspoti inatoka wapi? Inatoka kwenye sahani. Buku mbili ni wali maharage. Kila nikiwasha hotspoti nachagua kati ya kusoma na kula, na hao niliowataja ni wenye mkopo. Wasio na mkopo je? Hapa ndipo unapojua kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Halafu mfumo ni wa lazima! Kujisajili masomo ni kwenye mfumo. Notsi ziko kwenye mfumo. Matokeo, mfumo. Asaimenti, mfumo. Zamani mtu alipeleka karatasi ofisini akasaini daftari, gharama yake ilikuwa miguu tu. Leo mlango wa ofisi umehamia kwenye intaneti na sisi ndio tunaolipa kiingilio kila tukigonga.

Najua mtakachosema. Mdau mmoja ataandika, “Bando za umbea mnazo, za kusoma hamna.” Haya, nikujibu. Kweli kuna wanaomaliza usiku kwenye TikTok, wengine ni marafiki zangu. Lakini je, unajua kwamba bando ambalo wengi wetu tunalimudu ni lile la mitandao ya kijamii tu? Hilo linakupa WhatsApp, ila ukiunganisha laptopu ufungue mfumo wa chuo au makala ya kitaaluma, halisogei. Kwa hiyo unaweza kumwona mtu yuko hewani usiku kucha na bado hana uwezo wa kupakia kurasa kumi na mbili. Usimpime kwa ile alama ya kijani.

Mwingine atasema, “Sisi tulisoma bila intaneti na tukafaulu.” Shikamoo kaka. Ni kweli, ila hukudaiwa intaneti. Ulidaiwa kitabu, na kitabu kilikuwa maktaba. Mimi nadaiwa intaneti na maktaba imefungwa.

Wa tatu atasema nchi yetu bado maskini, tuvumilie. Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Nyaya za baharini zilifika Dar es Salaam mwaka 2009 kwa SEACOM, mwaka uliofuata ikaja EASSy. Mkongo wa Taifa umepita mikoani. Yaani intaneti imevuka bahari, imevuka mapori, imefika hadi jengo la utawala, halafu mita mia tatu za mwisho kutoka pale mpaka kitandani kwangu zimeshindikana? Hizo mita mia tatu ndizo simu yangu inazibeba kila usiku, huku inapata moto kama pasi. Na mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga madarasa, vyuo vya Afrika Kusini viliwagawia wanafunzi wao GB, na tovuti za masomo zikafunguliwa bila kukata bando. Kumbe inawezekana watu wakikaa mezani na makampuni ya simu.

Lakini kinachoniuma zaidi siyo buku mbili. Mimi nasomea ualimu. Mwaka jana nilipokwenda BTP nilipangiwa shule moja ya kata, siitaji jina. Mwalimu wa taaluma alikuwa na dirisha lake maalumu ofisini, ndipo mtandao unaposhika. Simu anaiweka pale juu ya rundo la madaftari, anaiunganisha na kompyuta ya shule, anaingiza alama za wanafunzi mmoja mmoja. Bando lake, pesa yake, kazi ya serikali. Nikamuuliza, “Mwalimu, hii unarudishiwa?” Akacheka, akasema, “Mwanangu, utazoea.”

Utazoea! Ndiyo hiyo wadau. Nimeelewa Ijumaa ile kwamba tunafundishwa kuzoea. Tunafundishwa tukiwa na miaka ishirini na moja kwamba kazi ya taasisi inafanywa kwa bando la mfukoni, na ukishindwa, uzembe ni wako. Hili somo haliko kwenye kozi yoyote lakini wote tunalifaulu. Kesho nikiwa mwalimu, nami nitamwambia mtoto wa mkulima “si kwenu kuna simu?” na darasa litacheka. Sitaki.

Na sisi wanafunzi tusijitoe kwenye lawama. Nilivyouliza watu baada ya mkasa, nimegundua karibu sote hatujui kifaa tunachokitumia. Laptopu haijui kama waifai inatoka kwenye simu ya mtu mwenye njaa, ni lazima uiambie. Kwenye Windows 10 na 11, ukifungua mipangilio ya ule mtandao uliounganishwa kuna swichi ya kuiambia kwamba mtandao huu unapimwa. Ukiiwasha, masasisho makubwa mengi yanasubiri mpaka upate waifai ya bure. Ningejua Jumatano, rafiki yangu angepata alama zake. Na kama mko wawili tu, tumia waya wa USB, simu inapata chaji hapohapo na hakuna jirani wa kudandia. Funga pia zile programu zinazohifadhi picha mtandaoni. Haya mambo yangefundishwa wiki ya kwanza ya chuo, badala ya hotuba za saa tatu!

Ila kujua swichi hakuondoi deni la chuo. Ninachodai siyo anasa. Kwanza, waifai ifike hosteli, au maktaba isifungwe kabla ya mfumo. Pili, chuo kikae na makampuni ya simu, mfumo ufunguke bila kukata bando, kama wenzetu walivyofanya. Tatu, kazi zifungwe saa kumi jioni wakati watu tuko eneo lenye mtandao, siyo usiku wa manane. Hili la tatu halina gharama hata shilingi. Nne, walimu wetu wapendwa, msitutumie notsi zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa mpaka faili linakuwa MB 80. Ziandikeni, zitakuwa MB moja.

CR wetu nimeshamwandikia hayo manne kwenye karatasi, ameahidi kuyapeleka serikali ya wanafunzi. Nimesaini mimi na wenzangu wa chumba, pamoja na yule wa kitanda cha juu, ambaye hakutaka kusaini kwanza. Alisema, “Wataniona mlalamishi.” Nikamwambia mlalamishi ni yule anayelalamika bila kulipa. Wewe umelipa alama kumi na tano.

Kama uko chuo kingine na kwenu waifai inafika kitandani, niambie mliipataje. Na kama wewe ni mwalimu na umesoma mpaka hapa, shikamoo, na naomba usiniulize kama nina simu. Ninayo. Niulize nimekula nini leo.

Naomba kuwasilisha. Bando likiruhusu, tuonane Jumapili.